Mama Kitalu wa Tupokigwe

Jumatatu, tarehe 7 Machi 2089. Mvua iliyoanza kabla ya alfajiri ilikuwa bado inanyesha juu ya Tukuyu, mvua nyembamba yenye baridi, na ukungu ulikuwa umeufunika mlima Rungwe wote, hata mgeni angeweza kuapa kwamba pale hapana mlima.

Subilaga aliingia hospitali ya mishipa koti likiwa limelowa mabegani. Alikuwa ameomba njia nzima, na ombi lake lilikuwa moja tu: wapate mtu mwingine. Yeyote, Bwana. Isipokuwa yule.

Binti yake, Tupokigwe, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado amevaa ovaroli ya kiwanda cha chai, kwa maana alikuwa fundi wa mashine za kuchumia na alikataa kuvaa nguo za wagonjwa mpaka atakapolazimishwa. Alihema kwa mkato, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, ingawa alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi.

"Mama, umelowa," alisema.

"Niache nilivyo. Daktari, umempata mtu?"

Daktari Anangisye alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake wakati alipokuwa na habari asiyotaka kuisema. Akaifuta sasa.

"Tumetafuta, mama. Tumeuliza nchi nzima, tukauliza Malawi, Zambia na Kenya. Ugonjwa huu ni adimu mno. Daktari anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu asiuone. Waliougua ni wachache, waliopona ni wachache zaidi, na aliye hai mwenye damu inayopatana na ya binti yako ni mmoja."

"Usimtaje."

"Anakaa Masoko."

"Nimekwambia usimtaje. Namjua. Ndiye aliyenichukulia mume."

"Alikuwa mke wa baba," alisema Tupokigwe. "Na baba tumeshamzika, mama. Vita vyenu navyo tungevizika siku ileile, tungeokoa hata gharama ya jeneza la pili."

"Wewe nyamaza. Unahema kama mashine mbovu."

"Ndiyo maana tuko hapa."

Daktari aliwasha picha. Moyo wa Tupokigwe ulijitokeza hewani katikati ya chumba, mkubwa kama tenga, ukidunda taratibu. Kutoka juu yake ulitoka mshipa mnene unaopeleka damu mapafuni, na ndani ya mshipa huo kulikuwa na kitu cheupe kilichojishikiza ukutani.

Mwanzoni, kwenye zahanati ya kiwanda, walidhani ni damu iliyoganda. Wakampa dawa ya kuyeyusha. Haikuyeyuka, kwa sababu haikuwa damu. Ilikuwa saratani iliyoota kutoka ukuta wa ndani wa mshipa wenyewe, na ilikuwa ikirefuka kufuata mkondo, kama mti unaoegemea upande unakokwenda upepo.

"Sehemu yote hii tutaikata," alisema daktari. "Swali ni tutaweka nini mahali pake. Tunaweza kuweka bomba lililofumwa kwa nyuzi. Tunalo ghalani, na kesho tunaweza kuanza. Lakini bomba halina uhai. Chembe moja ya saratani ikibaki, na siku zote inabaki, hakuna cha kuizuia. Wengi wa waliowekewa bomba hawakumaliza mwaka wa pili. Njia nyingine ni kitalu."

Subilaga alijua kitalu ni nini, nani asiyejua. Kama vile mche wa chai unavyolelewa kwanza mahali penye kivuli kabla ya kupelekwa shambani, ndivyo mshipa ulivyooteshwa kwanza ndani ya mwili wa mtu mwingine. Seli za mgonjwa ziliwekwa chini ya mbavu za mtu aliyewahi kuugua ugonjwa uleule akapona. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza kumtambua adui. Mshipa ulipokua humo ulijazwa seli kinga zake, na ulipohamishiwa kwa mgonjwa ulikwenda na walinzi wake. Aliyeubeba aliitwa mama kitalu, au baba kitalu kama alikuwa mwanamume.

Na alijua sheria. Zamani, teknolojia ilipokuwa mpya, maskini walibebeshwa mishipa ya watu wasiowajua, wakalipwa, kisha wakasahaulika na makovu yao. Serikali ikapiga marufuku malipo yoyote. Badala ya malipo iliweka undugu. Aliyekubebea mshipa alikuwa mzazi wako, katika arusi na katika msiba, katika kuulizwa na katika kuamua. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kugawa kitu cha mwenzake, ilikuwa lazima mama mzazi afungue nafasi hiyo yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Karatasi hazikukubaliwa, maana enzi zile za biashara sahihi zilinunuliwa kama nyanya.

"Kwa hiyo," alisema Subilaga polepole, "ili mwanangu apone, nimfanye yule mwanamke kuwa mama yake."

"Mama yake wa pili," alisema daktari.

"Hakuna wa pili. Ukishakuwa wa pili, wa kwanza ameshapungua."

* * *

Alhamisi walifanya jaribio la mapigo.

Ikupa, yule wa Masoko, alikuja mapema. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyekonda baada ya ugonjwa wake asinenepe tena, na alivaa kitenge cha rangi ya njano kilichopigwa pasi vizuri. Subilaga alikiona kitenge kabla hajaiona sura.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Tupokigwe.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Neno dogo, la kila siku, ambalo hata muuza ndizi humwambia mteja. Lakini Subilaga alilisikia likipita kifuani mwake kama sindano.

"Habari za siku nyingi, dada," Ikupa alimwambia.

"Za kwangu zipo."

Daktari aliwafunga Ikupa na Tupokigwe mikanda myembamba mkononi. Akaeleza kwamba mshipa unaokua hauna budi kujifunza unaotengenezewa moyo gani. Kwa hiyo miezi yote ya kitalu wawili hao wangelala chumba kimoja, wamevaa mikanda hiyo, na mapigo ya mmoja yangetumwa kwa mwingine mpaka mioyo izoeane. Ukutani kulitokea mistari miwili ya mwanga, wa kijani wa Tupokigwe na wa njano wa Ikupa.

Mwanzoni ulienda kila mmoja na njia yake. Mstari wa njano ulichelewa, ukawahi, ukachelewa tena.

"Unaniacha," alisema Ikupa. "Tembea taratibu, mimi mtu mzima."

"Mama mdogo, hata mashine ya kuchumia safu ya nane ina mwendo kuliko wewe. Na ile tumeshaitangaza kuwa chuma chakavu."

Ikupa alicheka, Tupokigwe akacheka hadi akakohoa, na ukutani mistari yote miwili iliruka pamoja, ikashuka pamoja, na kuanzia hapo ikaenda pamoja.

Subilaga aliitazama. Hakuna aliyemwambia kwamba wivu unaweza kuchorwa ukutani kwa rangi mbili.

"Nifungeni na mimi," alisema.

"Mama, haitasaidia..."

"Daktari, nifunge."

Walimfunga mkanda wa Ikupa. Mstari wa njano ulizima kidogo, ukawaka, na haukuhangaika hata kidogo. Ulilala juu ya ule wa kijani moja kwa moja, ukaufunika, hata ukutani ukaonekana mstari mmoja tu. Muuguzi aliyekuwa mlangoni aliacha kufanya alichokuwa akifanya.

"Ulimbeba," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Mioyo yenu ilizoeana kabla hajazaliwa."

"Basi tatizo liko wapi? Otesheni kwangu!"

"Mapigo hayana tatizo, mama. Seli kinga ndizo huna. Hujawahi kuugua. Mshipa ukiota kwako utakuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuotesha, na saratani itautafuna."

Subilaga alifungua mkanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kuwa ameugua ugonjwa wa kuua. Alimwonea Ikupa wivu hata kwa kovu lake la upasuaji.

"Pole, dada," alisema Ikupa.

"Usinipe pole. Pole yako ina meno."

* * *

Jumamosi mchana mvua ilipumzika, na Subilaga akaenda Masoko.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne ambayo marehemu mume wake aliijenga baada ya kumwacha. Hakuwahi kuingia humo. Ikupa alikuwa barazani akimenya ndizi, wala hakuonyesha kushangaa.

"Karibu, dada. Kaa. Kiti hicho hakina miiba."

"Najua hakina. Nilikinunua mimi."

Ikupa alikitazama kiti. "Basi hata hilo hakuniambia," alisema, na akaendelea kumenya.

Subilaga alikaa. Alikuwa ameomba Mungu ampe maneno laini, lakini hakusubiri apewe.

"Sikuja kuzunguka. Mbebee mwanangu huo mshipa. Lakini siku ya kikao cha kukupa jina la mama, mwenyekiti akikuuliza, sema hutaki jina. Sheria inaruhusu mtu kukataa kwa hiari yake."

"Kwa hiari yake," alirudia Ikupa.

"Utakuwa umetenda jema. Mungu atakulipa."

"Kwa hiyo wewe unaagiza, na Mungu analipa."

"Usinidhihaki."

Ikupa aliweka kisu chini. "Nikuulize kitu. Nilipokuwa kitandani na ugonjwa huu, nani aliniuguza?"

"Mume wangu. Nani mwingine."

"Alijitahidi wiki za mwanzo. Alikuwa mtu wa kuogopa damu, unamjua. Aliyeniuguza ni Tupokigwe. Alikuwa bado na sare ya shule. Alipita hapa jioni, akanikorogea uji, akanigeuza, akafua shuka, kisha akakimbia kwako asije akachelewa."

"Uongo. Jioni alikuwa kwaya."

"Dada, umewahi kumsikia yule mtoto akiimba?"

Subilaga hakuwahi. Katika miaka yote hiyo ya mazoezi ya kwaya hakuwahi kumsikia hata mara moja, wala hakuwahi kujiuliza. Alikuwa amekuja kulinda ghala, na sasa aliambiwa ghala lilikuwa na mlango wa nyuma tangu zamani.

"Basi ulishapata sehemu yako," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa kavu. "Niachie iliyobaki."

"Mimi sina mtoto, nina nyumba hii na redio. Nilidhani Mungu..."

"Mume ulimchukua mzima, Ikupa. Hukunigawia hata siku moja. Mtoto sigawi."

"Na nikikataa masharti yako?"

"Atawekewa bomba."

"Atakufa."

"Hilo Mungu ndiye anayelijua."

"Usimsingizie Mungu!" Ikupa alisimama kwa ghafla, maganda yakaanguka kutoka mapajani mwake. "Daktari amesema. Mimi nimesikia, na wewe umesikia. Ukichagua bomba ni wewe umechagua, usimtume Mungu akubebee mzigo huo kama unavyonituma mimi."

Walitazamana. Kuku wawili walikuja wakaanza kuparua maganda.

"Nitasema," alisema Ikupa. "Nitasema sitaki jina. Lakini usidhani ni kwa ajili yako. Sasa nenda, ndizi zangu zinabadilika rangi."

Subilaga alipata alichokitaka. Njiani kurudi alijaribu kushukuru, kwa maana alikuwa mtu wa kushukuru kwa kila jambo, hata kwa mvua iliyoharibu maharage. Neno lilifika mdomoni likakaa hapo kama tonge lisilomezeka. Akanyamaza, akatembea, na hakuomba kitu chochote mpaka nyumbani.

* * *

Kikao kilikaa Jumanne katika ukumbi wa hospitali. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Tuntufye, mwanamke mfupi aliyezoea kusikilizwa. Mashahidi walikuwa watatu: shangazi yake Tupokigwe upande wa baba, yule muuguzi, na fundi mmoja wa kiwandani aitwaye Gwamaka, ambaye Tupokigwe alimchagua mwenyewe na ambaye alikuja na tai iliyofungwa vibaya. Nyuma walikaa majirani na watu wa kanisani, kwa kuwa kikao cha namna hii kilikuwa wazi kwa yeyote.

"Umevaa tai au umenyongwa?" Tupokigwe alimnong'oneza Gwamaka. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kisha akamwita Ikupa mbele.

"Ikupa, uko tayari kubeba mshipa wa Tupokigwe mwilini mwako?"

"Niko tayari."

"Sheria inakupa jina la mama kwake, tangu leo hadi kufa. Unalipokea?"

Ikupa alitazama mbele, mahali pasipo na mtu.

"Hapana. Nitabeba, lakini jina silitaki."

Minong'ono ilipita ukumbini. Shangazi aliguna. Mchungaji alisubiri kimya kirudi.

"Nakuuliza kama sheria inavyotaka niulize. Kuna mtu aliyekuomba useme hivyo?"

"Hakuna."

Jambo la kwanza ambalo Subilaga alilisikia moyoni lilikuwa furaha. Ilikuja haraka, tamu, kabla hajaweza kuizuia. Ameshinda. Mwanawe atapona na atabaki wake, mzima, bila mshirika. Hakuna atakayejua.

Ndipo alipomwangalia Tupokigwe.

Binti alikuwa amegeuka kumtazama Ikupa. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa na sura ambayo Subilaga aliijua, maana aliwahi kuiona katika kioo chake mwenyewe, mwaka ule mume alipofungasha virago: sura ya mtu aliyedhani anapendwa.

"Mama mdogo," alisema Tupokigwe kwa pumzi iliyokatika, "hunitaki?"

Ikupa alifumba macho. Alikuwa ameahidi na alikuwa akiitimiza ahadi yake, akiimeza mbele ya watu wote kama dawa chungu.

Subilaga alielewa hapo hapo kwamba furaha yake na maumivu ya mwanawe ni kitu kimoja, kilichotazamwa kutoka pande mbili. Alikuwa akimpa mtoto mshipa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akimpokonya mtu. Bwana, alisema kimyakimya, si ningeweza kukaa tu? Hakuna sauti iliyomjibu, ila magoti yake yalinyooka yenyewe.

"Amedanganya," alisema.

Watu wote waligeuka.

"Dada, kaa," alisema Ikupa upesi. "Umeshapata, kaa."

"Amedanganya. Kuna aliyemwomba. Ni mimi. Nilikwenda nyumbani kwake Jumamosi nikamwambia abebe na akatae jina."

Ukumbi ulivuma. Tupokigwe alimtazama mama yake kama mtu anayesoma chombo cha kupimia asichokiamini. "Mama?"

"Ndiyo. Mimi."

Mchungaji Tuntufye alinyanyua mkono mpaka watu wakanyamaza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuchoka.

"Subilaga, unajua ulichokisema? Kumbebesha mtu na kumnyima undugu ndiyo biashara ile ile ya zamani, ila wewe hata hukulipa. Sheria inanitaka nifunge kikao hiki."

"Mchungaji!" Gwamaka alisimama, tai imehamia begani. "Mwangalie huyu mgonjwa! Ana muda wa kusubiri kikao kingine?"

Mchungaji alimgeukia daktari. Daktari Anangisye alikuwa akifuta miwani.

"Hana," alisema. "Miezi ya kuotesha mshipa peke yake ndiyo yote aliyo nayo."

Kwa muda kukawa na sauti moja tu ukumbini, nayo ilikuwa pumzi ya Tupokigwe. Subilaga aliisikia na kuihesabu kama alivyoihesabu binti alipokuwa mchanga, katika homa yake ya kwanza.

"Ipo njia moja," alisema Mchungaji. "Anayekiri mwenyewe, kabla hajakamatwa, anaweza kufungua nafasi hapo hapo. Lakini kwake neno 'nakubali' halitoshi. Ni lazima aahidi, na aahidi mambo yanayoshikika, ili mashahidi hawa waweze kumdai. Ikupa, wewe utapokea jina kutoka kwake?"

Ikupa alifuta uso kwa kiganja. "Kutoka kwake?" alisema. "Akiweza kulitamka bila kuzimia, nitalipokea."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia.

Subilaga alitoka kwenye safu ya viti akaenda mbele. Alisimama karibu na Ikupa, karibu kuliko walivyowahi kusimama, na akaona kwamba shingoni mwake, juu ya ukosi wa gauni, lilianzia lile kovu. Wivu haukuwa umeondoka. Alikuwa ameuomba uondoke tangu asubuhi, nao ulikuwa umekaa palepale kama mgeni asiyeaga. Akatambua kwamba atalazimika kusema nao ukiwa ndani.

Alianza, lakini sauti yake haikufika mbali.

"Kwa sauti, mama," alisema shangazi. "Wasikie na walio nyuma."

Subilaga alivuta pumzi.

"Mimi Subilaga, niliyemzaa Tupokigwe, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote. Wivu ninao, sitawadanganya tena leo. Lakini miezi yote ambayo Ikupa atabeba mshipa huu, nitalima viazi vyake mimi, nitampikia mimi, na akishindwa kuinama nitamwosha miguu mimi, kwa mikono hii, hata siku nitakazokuwa sitaki kumwona. Akiugua baadaye, sitasubiri kuitwa. Na mtu yeyote akiniuliza, arusini au kaburini, mama yake Tupokigwe ni nani, nitamtaja Ikupa kwanza, ndipo nijitaje mimi."